Nani Alimwambia Shosh Maziwa Yake Hayatoshi?

Ukipata mtoto wa kwanza hapa Nairobi, kila mtu anageuka daktari. Jirani wa ploti anakwambia mtoi analia juu ana njaa. Mama mkwe anasema hiyo ni tumbo, mpe maji ya gripe. Shangazi anatoka ushago na kilo mbili za njahi na anasimama hapo mpaka umalize sufuria, ndiyo maziwa yaje. Na kwa simu kuna msichana wa miaka 22, taa ya duara imemmulika uso, anakuuliza kwa sauti tamu: una uhakika mtoto wako anashiba?

Hilo swali la mwisho ndilo limenikalisha chini leo. Linakaa la juzi, la enzi ya bando na TikTok. Si la juzi. Lina zaidi ya miaka mia moja, limefika mahakamani Uswisi, limepigiwa kura Geneva, limefanyiwa utafiti hapa hapa Nairobi, na kuna watoto wengi sana walizikwa kabla lijibiwe vizuri.

Kwanza mwili, juu bila huo hii stori haishiki.

Mama akijifungua, maziwa hayamwagiki siku hiyo hiyo kama kwa sinema. Kinachotoka ni dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya rangi ya manjano, na yanatoka matone tu. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo. Kama kijiko cha chai kwa kila mnyonyo kinamtosha. Maziwa mengi yanaingia kati ya siku ya pili na ya nne. Na yanaendelea kuja kwa sababu mtoto ananyonya. Kila akivuta, ubongo wa mama unapata ujumbe, homoni zinatoka, matiti yanatengeneza mengine. Akivuta sana, yanatengenezwa sana. Akivuta kidogo kwa sababu ameshiba kitu kingine, mwili unasoma kwamba hakuna haja, na unapunguza.

Kwa hivyo kuna dirisha la kama siku tatu. Mama ametoka leba, hajalala, ameshonwa, matiti hayajajaa, mtoto analia, na yeye hajawahi kufanya hii kitu maishani. Ukitaka kumuuzia mtu yeyote chochote, mngoje kwa hilo dirisha. Watu waligundua hivyo kitambo.

Mkebe wenyewe ulianza kwa nia njema, lazima tuseme hivyo. Mwaka 1867, katika mji wa Vevey huko Uswisi, mfanyabiashara Mjerumani aitwaye Henri Nestlé alikuwa amechanganya unga wa ngano, maziwa ya ng'ombe na sukari kuwa chakula cha watoto. Mmoja wa wa kwanza kukila alikuwa mtoto njiti aliyekataa titi la mama na kila chakula kingine. Mtoto akapona, habari zikaenea. Mwaka huo huo mwanakemia Justus von Liebig naye alikuwa akiuza chakula chake cha watoto huko Ujerumani. Ulaya ya wakati huo ilikuwa inazika watoto wachanga kila siku, hasa wale walioachwa kwenye nyumba za watoto yatima bila mtu wa kuwanyonyesha. Kwa mtoto kama huyo, mkebe ulikuwa uhai. Bado ni uhai leo kwa mtoto aliyepoteza mama, au ambaye mama yake ni mgonjwa sana, au ambaye maziwa kweli yamekataa. Wapo.

Noma ilianza mkebe ulipotoka kwa mtoto asiye na titi na kwenda kwa mtoto aliye nalo.

Mtu wa kwanza kupiga kelele kubwa alikuwa daktari mzaliwa wa Jamaica, Cicely Williams. Huyu mama ana stori yake peke yake. Alifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, na ndiye aliyeupa udaktari wa Kizungu neno kwashakoo, akilitoa kwa lugha ya Waga: ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake amekuja na titi limehama. Aliwauliza wanawake wa pale wanauitaje, wakamwambia, akaandika. Kwa miaka ya 1930 hiyo haikuwa kawaida, daktari wa serikali ya kikoloni kumsikiliza mama Mwafrika. Baadaye alihamishiwa Malaya, na mwaka 1939 akasimama mbele ya klabu ya Rotary mjini Singapore na kutoa hotuba aliyoiita Maziwa na Mauaji. Alikuwa amechoka kuona watoto wakiletwa hospitalini wamekauka kwa sababu mama zao waliambiwa maziwa matamu ya mkebe ni sawa na ya titi au hata bora. Alisema vifo hivyo vihesabiwe kama mauaji.

Klabu ilisikiliza, vita vikaja, dunia ikasahau.

Sasa njoo miaka ya 1960 na 1970, wakati shosh wako alikuwa msichana. Ulaya na Marekani watoto wanaozaliwa wanapungua, makampuni ya maziwa ya unga yanatafuta soko jipya. Huku kwetu ni miaka ya kwanza ya uhuru. Wasichana wanatoka ushago kuja mjini, wanajifungulia hospitali badala ya nyumbani kwa mkunga, na hospitali ni kitu cha heshima. Akitoka kule, kila alichoonyeshwa na mtu mwenye nguo nyeupe anakifuata. Kwa wodi nyingi ukutani kuna picha ya mtoto mnene anayecheka, na jina la mkebe chini yake. Mtoto wenyewe mara nyingi anawekwa chumba kingine, analetwa kwa mama kwa saa zilizopangwa. Kumbuka lile dirisha la siku tatu na jinsi maziwa yanavyokuja. Tayari limevurugwa kabla kampuni haijasema neno.

Halafu kampuni inasema. Kwenye nchi nyingi za Afrika, Asia, Karibiani na Amerika ya Kusini, makampuni yaliajiri wanawake waliovaa sare kama za wauguzi, waliojulikana kama wauguzi wa maziwa. Wengine walikuwa wauguzi kweli, wengine hawakuwa. Walipita wodini na nyumbani wakimpongeza mama, wakimfundisha kuosha mtoto, wakimwachia mkebe wa bure. Ule mkebe wa bure ndio mtego. Unatosha siku kadhaa tu, na siku hizo ndizo titi linahitaji kunyonywa ndiyo lianze kazi. Mkebe ukiisha, maziwa ya mama yamepungua. Sasa swali la "una uhakika anashiba?" lina jibu, na jibu liko dukani.

Piga hesabu kidogo. Mtoto wa miezi miwili anayetegemea mkebe pekee anakula karibu gramu mia moja za unga kwa siku. Mkebe wa gramu 400 ni siku nne hivi. Familia ya kibarua haiwezi, haikuweza wakati huo na wengi hawawezi leo. Kwa hivyo mama anavuta: vijiko viwili badala ya vinne, kesho kimoja. Chupa inabaki nyeupe, inakaa maziwa, lakini ni maji. Na hayo maji yanatoka mferejini, mtoni, kwa mtungi. Mafuta ya taa ya kuchemsha chupa nayo ni doo. Mtoto anaanza kuhara, anakonda, anaharisha tena. Haikuhitaji sumu kwenye mkebe. Mkebe ulikuwa safi. Ulipelekwa tu kwenye nyumba ambayo haikuwa na vitu vitatu mkebe unavyohitaji: pesa kila wiki, maji salama, na mtu anayeweza kusoma maandishi ya lugha ya kigeni kwenye kopo.

Mwaka 1974 shirika la Uingereza liitwalo War on Want lilitoa kijitabu cha mwandishi Mike Muller, kikiitwa Muuaji wa Watoto kwa Kiingereza chao. Kikundi cha vijana wanaharakati huko Bern, Uswisi, wakakitafsiri kwa Kijerumani, lakini kichwa wakakinoa: Nestlé Inaua Watoto. Kampuni ikawashtaki kwa kuchafuliwa jina. Wakati kesi ikiendelea, Mjerumani Peter Krieg alikuwa amekuja kupiga filamu kuhusu watoto wa chupa, na alikuja wapi? Kenya. Kwa hivyo watu walioijua hii vita Ulaya na Marekani, wengi wao walikaa kwenye kumbi za kanisa wakiangalia akina mama wetu na watoto wao kwenye skrini. Nikiwaza hivyo nachanganyikiwa kidogo. Shosh wa mtu alikuwa ushahidi kwenye kesi ya dunia nzima, na sidhani kuna aliyerudi kumwambia iliishaje.

Iliisha hivi. Juni 1976 jaji alisema kichwa cha kijitabu kimepita mpaka, maana kampuni haikukusudia kuua. Vijana 13 wakatozwa faini ya faranga 300 kila mmoja. Halafu huyo huyo jaji akageukia kampuni na kusema ibadilishe kabisa namna inavyotangaza. Kushinda kwa aina hiyo hata adui usimwombee. Mwaka uliofuata, Julai 1977, Wamarekani wakaanzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Nestlé kuanzia mji wa Minneapolis, na ukasambaa nchi nyingi.

Mei 1981, Shirika la Afya Duniani likapigia kura kanuni za kimataifa: hakuna kutangaza maziwa ya watoto kwa umma, hakuna sampuli za bure kwa akina mama, hakuna kumpa muuguzi zawadi ndiyo akusifie mkebe. Nchi 118 zikasema ndiyo. Moja ikasema hapana, Marekani ya Reagan. Maafisa wawili wakubwa wa shirika la misaada la Marekani walijiuzulu kwa sababu ya kura hiyo.

Kenya ilichukua miaka 31 kugeuza hizo kanuni kuwa sheria kamili. Sheria ya kudhibiti bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama ilipitishwa 2012. Lakini kabla hatujafika huko kuna kitu kilitokea katikati, na hapa ndipo wale wanaosema "titi tu, kwisha maneno" huwa wananyamaza.

Ukimwi ulikuja.

Ghafla yale maziwa ambayo Dakta Williams aliyapigania yalikuwa yanaweza kumpa mtoto virusi. Kuanzia 1992, watafiti wakiwemo Wakenya wakiongozwa na Daktari Ruth Nduati waliandikisha akina mama 425 wenye virusi kwenye kliniki za Nairobi. Nusu wakapangiwa kunyonyesha, nusu wakapangiwa maziwa ya mkebe, waliyopewa bure, na ilikuwa lazima wawe wanapata maji ya mfereji yaliyosafishwa. Matokeo yakachapishwa 2000. Kufikia miaka miwili, watoto walionyonya, asilimia 36.7 walikuwa na virusi. Wa mkebe, asilimia 20.5. Tofauti kubwa. Lakini angalia upande wa vifo: asilimia 24.4 kwa walionyonya, 20 kwa wa mkebe, pengo dogo ambalo kitakwimu halikuhesabika kuwa tofauti. Yaani mkebe ulizuia virusi, ila kubaki hai lilikuwa jambo lingine. Na hao walikuwa na maji ya mfereji na maziwa ya bure. Toa hivyo viwili uone.

Botswana iliona. Serikali yao iliwapa akina mama wenye virusi maziwa ya unga bure, kwa nia safi kabisa, na 2006 mvua kubwa iliponyesha na maji kuchafuka, kuhara kuliua mamia ya watoto, na wengi wa waliofika hospitalini hawakuwa wakinyonya.

Huku mitaani kwetu mkebe ulipata maana mpya. Ukionekana na maziwa ya kopo na mtoto mchanga, watu wanakuhesabia: huyu ako na virusi. Kwa hivyo mama aliyeambiwa kliniki asinyonyeshe alinyonyesha mchana mbele ya mama mkwe na kutoa chupa usiku. Kuchanganya hivyo ndiyo njia mbaya kuliko zote mbili. Utafiti wa Durban uliotolewa 1999 ulikuwa umeonyesha tayari kwamba watoto walionyonya titi peke yake miezi ya kwanza waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa na vitu vingine. Aibu ya ploti ilikuwa inasukuma watoto mahali pa hatari zaidi. Ilichukua dawa za ARV, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010, kufika mahali ambapo mama mwenye virusi anayemeza dawa zake anaweza kunyonyesha na moyo ukatulia. Hebu fikiria mama aliyezaa 1988, 1998 na 2011 hospitali moja. Aliambiwa vitu vitatu tofauti, na kila mara aliambiwa kwa sauti ile ile ya uhakika.

Ndiyo maana mimi huwa siwaelewi watu wanaoingia kwa posti ya mama mchanga na kumwaga hukumu. Mashosh walilaumiwa kwa kuacha titi, mathe zetu wakalaumiwa kwa kulitoa, na saa hii dada zetu wanalaumiwa kwa yote mawili.

Tuje kwa namba za nyumbani, juu hapa pia kuna habari njema. Mwaka 2003, watoto wa Kenya wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya titi peke yake, bila maji, bila uji, bila gripe, walikuwa asilimia 13. Utafiti wa 2008 na 2009 ukapata 32. Mwaka 2014 ukapata 61. Kwa miaka kumi na kitu hiyo ni kubwa sana, na imefanywa na wauguzi na wahudumu wa afya wa mtaani wanaotembea mlango kwa mlango wakimkalia mama kwa lile dirisha la siku tatu na kumwambia tulia, yatakuja, mshike hivi. Yaani kazi ya wale wauguzi wa maziwa, ila hii imegeuzwa. Mwaka 2019 Pumwani nayo ikafungua benki ya maziwa ya mama, ya kwanza Kenya: mama mwenye ya ziada anachangia, anapimwa, maziwa yanachemshwa kwa kipimo, anapewa njiti ambaye mama yake hana. Mtoto wa Vevey angepelekwa huko.

Lakini 2022 tulipohesabu tena, tulikuwa asilimia 60. Tumekwama hapo.

Na kulikuwa na utafiti mwingine, uliochapishwa 2011, wa watoto zaidi ya elfu nne waliozaliwa Korogocho na Viwandani. Karibu wote walinyonya, asilimia 99. Lakini karibu asilimia 40 walipewa kitu kingine ndani ya siku tatu za kwanza. Na waliofika miezi sita kwa titi pekee walikuwa kama asilimia 2. Mbili. Wakati nchi nzima ilikuwa 32. Hao akina mama hawakudanganywa na picha ya mtoto mnene, mkebe hawawezi kuununua hata. Wanapeana uji mwepesi na maji ya sukari. Uliza mtu yeyote wa mtaa atakwambia kwa nini: kibarua. Unajifungua, unapumzika ukiweza, unarudi kufua nguo za watu, mtoto anabaki kwa mtu anayelea watoto wanane kwa chumba kimoja, na huyo hana titi la kumpa.

Wizara ya Afya inasema miezi sita. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara, na baba wiki mbili. Kabla ya hapo ilikuwa miezi miwili, na ukiichukua unapoteza likizo yako ya mwaka. Kwa hivyo tumesonga, sawa, lakini toa tatu kwa sita. Hiyo miezi mitatu iliyobaki tumemwachia mama aitafute mwenyewe kwa pampu, friji na bosi mwenye huruma. Maboyz, na nyinyi hizo wiki mbili si za kwenda kutazama mechi. Mtu anayeamka saa tisa usiku kubadilisha nepi na kumletea mama chai ndiye anayefanya titi liwezekane. Hilo hakuna kampuni imewahi kuliuza kwa mkebe.

Sheria ya afya ya 2017 inasema mwajiri aweke chumba cha kunyonyesha kazini, na muda wa kukitumia. Kuna ofisi kadhaa Upper Hill na Westlands zinavyo, vina makochi na friji ndogo. Sasa yule mama anayekaa ukutani Eastleigh saa moja asubuhi akingoja mtu amwite kufua, na mtoto wa wiki tano ameachwa Mathare, chumba chake kitajengwa na mwajiri yupi?